Kabla ya Kontroo Namba: Wale Jamaa Wanaokutana Jumamosi Moja kwa Mwezi Wametoka Mbali

Wadau, kwanza tuwekane sawa. Kikuyu ninayoiongelea hapa siyo ya Kenya. Ni ya kwetu Dodoma, pale ilipo St John's. Ila kuna kitu kinachekesha: Kikuyu ya Kenya ina shule maarufu inaitwa Alliance, na Kikuyu ya Dodoma nayo ilikuwa na Alliance yake! Ndo ile iliyokuja kubadilishwa jina ikawa Mazengo, jina la mtemi wa Wagogo. Mwaka 2007 eneo hilo likawa chuo kikuu. Mwaka huohuo, upande mwingine wa mji, UDOM nayo ikaanza kupokea wanafunzi. Basi mji uliozoeleka kwa zabibu, vumbi na vikao vya chama ukajikuta na vijana kibao wenye laptopu na bando la usiku.

Humo ndo yametokea haya makundi ya madevelopa. Ukikaa Dodoma utakuwa umeyaona. Jumamosi moja kwa mwezi, darasa la kuazima, projekta inayogoma kuwaka, mtu mmoja anasimama mbele anaeleza alivyotengeneza kitu chake, wengine wanamkatisha kwa maswali. Wanaandika kodi (siyo ile ya TRA wala ya mwenye nyumba). Slaidi ziko kwa Kiingereza, ugomvi wote ni kwa Kiswahili. Ukipita nje unaweza kudhani ni ile semina ya kuuziana dawa za lishe.

Wengi wanaona hii ni fasheni imeletwa na mashirika ya nje, ya kugawa tisheti na stika. Mimi naona ina mizizi mirefu zaidi, na mizizi yenyewe inaanzia Wizara ya Fedha.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500, na hapo ICT ni jina la kampuni ya Uingereza iliyoiuza, usichanganye na somo la shule. Mashine ya namna hiyo ilikuwa inajaza chumba. Serikali changa, watu wana ndoto, wanataka mahesabu ya nchi yaende kisasa. Ila ujuzi wa mashine ulikuwa mikononi mwa wauzaji na wataalamu wa kigeni. Sisi tulinunua chombo, ujuzi tukaukodi.

Mkishaishi hivyo, kikiharibika ndo mnajua. Mfumo wa mahesabu ulienda mrama, fedha nyingi zikapotea, ikabidi watu warudi kwenye vitabu na kalamu. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Na televisheni zikaingia kwenye katazo hilohilo! Ukitaka kompyuta ilibidi upite kwenye kamati ikupe kibali. Wazee wetu wa Bara wakakaa bila televisheni hadi 1994, huku Zanzibar wakiangalia ya rangi tangu miaka ya 70. (Wazanzibari hawajawahi kutuacha tusahau hilo.)

Sijawahi kuwa mtu wa kuwacheka waliotoa ile marufuku. Pesa za kigeni zilikuwa adimu, na walikuwa wameshaungua mara moja. Lakini angalia kalenda. Mwaka 1973 TANU inaamua makao makuu yahamie Dodoma. Mwaka 1974 kompyuta zinapigwa marufuku. Tarehe 5 Machi 1975, huko Menlo Park, California, watu wachache wanakutana kwenye gereji ya mtu kuongelea kompyuta ndogo za kuunga wenyewe. Wakajiita Homebrew Computer Club.

Hao wa gereji ndo babu wa haya makundi ya Jumamosi, na utaratibu wao ulikuwa mtamu kweli. Kikao kilikuwa na sehemu mbili. Kwanza mtu anasimama mbele ya wote anasema ana nini au anahitaji nini: mimi nina chipu za ziada, mimi nimekwama na kumbukumbu ya mashine. Halafu kikao kinavunjwa, kila mtu anamfuata yule aliyesema kinachomhusu, wanaongea pembeni. Basi. Kijana mmoja alikuwa anakuja na michoro ya kompyuta yake na kuigawa bure kwa anayetaka. Alikuwa Steve Wozniak, na mashine hiyo ikaja kuwa Apple ya kwanza.

Kulikuwa na vurugu pia. Februari 1976 kijana mwingine, Bill Gates, aliwaandikia barua ya wazi hao watu wa klabu na wenzao akilalamika kwamba wanakopi programu yake bila kulipa. Ugomvi huo haujaisha mpaka leo. Nenda kikao chochote, swali la "sasa hii tuitoe bure au tuuze?" halikosi kuulizwa, na halikosi kuchelewesha watu kwenye soda.

Kwetu mlango ulifunguka taratibu. Marufuku ikalegea, intaneti ikaingia katikati ya miaka ya 90, na mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayoongea Kiswahili. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukawashwa na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Mwaka 2010 Nairobi wakafungua iHub, na Dar haikukaa mbali: Buni pale COSTECH, na Kinu. Jina la Kinu nalipenda hadi leo, maana ndo kazi yenyewe, watu kutwanga pamoja. Dodoma ilikuja baadaye kidogo na haikuwa na jumba la kupendeza la kupigia picha. Ilikuwa na madarasa tu.

Na watu. Hawa ndo nataka niwaseme, bila majina, maana wenyewe hawapendi. Kila kundi linasimama juu ya mmoja au wawili. Kuna anayeenda kuomba darasa na kusubiri funguo kwa mlinzi. Kuna anayekuja na ekstensheni kwenye begi, maana anajua soketi inayofanya kazi ni moja. Kuna dada anayekaa mbele na kuuliza lile swali ambalo wote wanaliogopa: "Samahani, hiyo umeisema haraka, rudia." Akiuliza yeye, unasikia darasa zima linapumua. Bango likitoka haliwi na sura za hawa. Linakuwa na sura ya mtoa mada kutoka Dar.

Kuna vitu viwili vinaua haya makundi, nayasema yote. Cha kwanza ni posho. Siku mfadhili mmoja akitoa nauli, mwezi unaofuata watu wanauliza nauli kabla ya kuuliza mada. Cha pili ni chuo kufungwa. Likizo ndefu ikifika nusu ya wanachama wako mikoani, na waliohitimu wamekimbilia Dar kutafuta kazi. Kundi linaanza upya na watu wapya, kosa lilelile la mwaka juzi linarudiwa kwa sababu hakuna aliyeandika mahali. Kile alichoeleza yule kaka wa mwaka wa nne kimebaki kwenye kichwa chake, na kichwa kiko Mwanza.

Hapo ndo ile hadithi ya 1965 inarudi. Mwaka 2017 Wizara ya Fedha, ileile, ilileta GePG, mfumo wa malipo ya Serikali. Ndo mama wa kontroo namba yako, ile unayolipia faini ya trafiki. Mfumo huo umejengwa na Watanzania. Leo wizara ziko Dodoma, Mamlaka ya Serikali Mtandao iko Dodoma, na wanaojenga na kuitunza mifumo ya nchi nzima wanakula chipsi mji huuhuu mnaokula ninyi. Yaani kati ya Kikuyu na Mtumba kuna ujuzi ambao wazee wa 1965 wangeuota tu.

Ila njoo kwenye kikao cha Jumamosi, utamkuta nani mbele? Mara nyingi ni mwanafunzi anayefundisha alichokisoma wiki iliyopita. Sio vibaya, ndivyo watu wanavyojifunza. Lakini waliobeba mifumo mikubwa hawaji, na wakija wanakaa nyuma kimya. Naelewa, kuna siri za kazi, huwezi kumwaga michoro ya hazina kama Wozniak. Sawa. Ila namna ya kukagua mfumo kabla haujawashwa siyo siri. Namna ya kufanya siku mtandao umekatika na foleni imefika getini siyo siri. Saa moja tu kwa mwezi, bila posho, aje mtu aeleze siku mambo yalipoharibika na walivyoyanyoosha. Hata Zanzibar, Novemba 2023, walipokaribisha DjangoCon ya kwanza ya Afrika, madevelopa wa nchi mbalimbali walisafiri hadi kisiwani kwa ajili ya mazungumzo ya aina hiyo. Kutoka Mtumba hadi Kikuyu ni daladala.

Darasa lipo. Ekstensheni ipo kwenye begi. Funguo anazo mlinzi.