Mazoezi ya Vyuma katika Kandanda

Mazoezi ya vyuma ni utaratibu wa kunyanyua uzito unaozidishwa kwa kadiri, ili mapaja, kiuno na mgongo wa mchezaji vipate nguvu ya kukimbia, kuruka na kukabiliana. Hata hivyo, katika sehemu za juu kama Sumbawanga, mji wa uwanda wa juu wa Ufipa ulioinuka yapata meta 1,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na pumzi huisha upesi, mazoezi haya hayawezi kushika mahali pa mbio. Wasio na ala za kiwandani humimina saruji katika makopo mawili yaliyounganishwa kwa bomba. Lenye manufaa kuliko mengi, nalo halihitaji chuma, ni zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele taratibu, mwenzi akikushika vifundo vya miguu, ambalo huihifadhi misuli ya nyuma ya paja isichanike.