Hiari na Umbali: Upimaji wa Uchaguzi wa Tiba Katika Meru na Isiolo

Miongoni mwa dhana ambazo uchumi wa afya umezileta katika Kiswahili, ni chache zilizosumbua wafasiri kama ile ya mambo ambayo mgonjwa angeyataka lau angeachiwa nafasi ya kutaka. Wengi huiita upendeleo. Neno hili lina kasoro kubwa, kwani msikilizaji wa kawaida hulielewa kwa maana ya kumpa mtu asichostahili. Mganga mwenye upendeleo ni mganga dhalimu. Uchaguzi nao umekwisha kutekwa na siasa. Limesalia hiari, neno ambalo lina asili moja ya Kiarabu na heri. Hata hivyo hiari haipimiki pasipokuwa na njia mbili zinazopitika. Historia ya upimaji wa jambo hili katika Meru na Isiolo yaonyesha kwamba matakwa ya mtu na tendo lake ni vitu viwili, na kwamba kuvichanganya kuna madhara kwa wagonjwa wenyewe.

Upimaji wa kitaalamu wa uchaguzi wa tiba katika Kenya ulianza kwa kutazama matendo. Katika tasnifu yake ya mwaka 1984 kwa Chuo Kikuu cha Boston, Germano Mwabu alichunguza jinsi kaya za wilaya ya Meru zilivyochagua baina ya zahanati za serikali, zahanati za misheni, waganga wa jadi, dawa za dukani na kadhalika. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1986 alionyesha kwamba mgonjwa hakuwa mtu wa mlango mmoja. Katika ugonjwa ule ule aliweza kuanzia dukani, akaenda zahanati, kisha akageukia kwingine. Kwa hiyo kumwuliza mtu hutibiwa wapi, kana kwamba jibu ni moja, ni kuuliza nusu ya swali.

Jaribio kubwa zaidi halikubuniwa na mtaalamu yeyote. Mnamo Desemba 1989 serikali ya Kenya ilianza kutoza malipo katika vituo vyake vya tiba, na mwaka 1990 ikayasimamisha. Mwabu na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, walieleza kwamba mahudhurio yalipungua kwa karibu nusu wakati wa malipo. Yaliposimamishwa, mahudhurio katika vituo vya afya vya serikali yaliongezeka kwa asilimia 41 katika muda wa miezi saba. Takwimu hizi zaweza kusomwa kwa namna mbili. Msomaji mwepesi atasema watu walichagua kutokwenda. Msomaji mwangalifu atauliza kama palikuwa na uchaguzi wowote kwa mtu asiyekuwa na shilingi mfukoni.

Njia ya pili ya upimaji ni ile ya kuuliza. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993 ilieneza kipimo kinachojumlisha miaka inayopotea kwa kifo na ile inayoishiwa katika udhaifu, na uzito wa kila udhaifu ulikadiriwa na wataalamu wachache. Lawama zilifuata, kwamba raia hakuulizwa. Basi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012 waliulizwa watu 13,902 wa Bangladesh, Indonesia, Peru, Tanzania na Marekani, na kwa upande wa Tanzania mahojiano yalifanywa Pemba. Wengine 16,328 walijibu kwa njia ya intaneti. Katika mahojiano hayo mtu alielezwa habari za watu wawili wenye matatizo mbalimbali, akaulizwa ni nani kati yao mwenye afya zaidi.

Kwa mwanaisimu swali hilo lina funzo. Halikuuliza heri kuwa nani, wala afadhali kuwa nani. Katika Kiswahili, heri aghalabu hutumika pale ambapo pande zote mbili ni mbaya, kama isemavyo methali: heri nusu shari kuliko shari kamili. Anayejibu kwa heri hasemi apendacho; asema atakachovumilia. Mtafiti atakayeandika jibu hilo katika safu ya matakwa atakuwa ameandika uvumilivu na kuuita hamu.

Mambo haya yote yalikutana Isiolo. Mnamo Desemba 2018 serikali ya Kenya ilianzisha majaribio ya huduma ya afya kwa wote katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Kila moja iliteuliwa kwa mzigo wake. Isiolo iliteuliwa kwa sababu ya vifo vya wajawazito na kwa kuwa wakazi wake wengi ni wafugaji wanaohamahama. Malipo katika zahanati na vituo vya afya yalikuwa yamefutwa tangu mwaka 2013. Sasa yaliondolewa hata katika hospitali za kaunti. Kizuizi kilichopimwa mwaka 1989 kilikuwa kimeondoka.

Kizuizi kilichobaki ni umbali, na umbali wa Isiolo si ule wa Meru. Meru ya Mwabu ilikuwa nchi ya wakulima, ambako njia ya kutoka nyumbani hadi zahanati haibadiliki mwaka mzima. Isiolo ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 268,002 tu. Miongoni mwa Waborana, ng'ombe wa maziwa hukaa na familia, warra, na wengine hupelekwa mbali katika makambi ya fora. Warra yenyewe huhama kwa kufuata maji na malisho. Mama aliye karibu na zahanati wakati wa mvua aweza kuwa mbali nayo mwendo wa siku nzima wakati wa kiangazi. Akijifungua kwa mkunga wa jadi, daftari haliwezi kusema kama hayo ndiyo aliyoyataka.

Hapa sarufi ya Kiswahili ina msaada. Mapokeo ya sarufi hutenganisha -nge- na -ngali-, yaani linalowezekana bado na lililokwisha kupita, ingawa wasemaji wengi huyachanganya. Hojaji iliyo makini ingeuliza mambo matatu mbalimbali: ulifanya nini, nani aliamua, na ungalifanya nini lau zahanati ingalikuwa karibu. Mashariti hayo hayana budi kufasiriwa vilevile katika Kiborana, Kisomali na Kiturkana, kwani si kila mama wa Isiolo hutoa siri zake kwa Kiswahili.

Daftari la mahudhurio huhesabu waliofika. Vifo vilivyoifanya Isiolo iteuliwe mwaka 2018 ni pamoja na vya wale ambao hawakufika, na hao hawawezi tena kuulizwa. Ni wajibu wa anayetunga swali kuwauliza walio hai kwa namna ambayo kutofika hakutaandikwa kuwa ni hiari.