Hesabu za Misafara katika Njia ya Tabora

Kabla ya sarafu kuenea bara, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilibeba nguo, shanga na waya wa shaba badala ya fedha, na kwa hiyo kila mkuu wa msafara alipaswa kuimudu hesabu ambayo msingi wake ulikuwa mwili wa binadamu. Mkono, yaani urefu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ulikuwa kipimo cha kwanza. Mikono 4 ilifanya shuka, na shuka 2 zikafanya doti, ambayo ni takribani yadi 4. Nafaka nayo ilifuata mkondo huohuo, kwa kuwa vibaba 4 vilitimiza pishi, ilhali shanga zilipimwa kwa khete, na khete 10 zikawa fundo. Ubora wa mpango huo, ambao haujapewa heshima inayostahili, ni kwamba nusu na robo zilipatikana kwa kukunja kitambaa tu.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, alipojiandaa Zanzibar kwa safari ya bara mwanzoni mwa mwaka 1871, alielezwa kuwa doti 10 zingetosha chakula cha watu 100 kwa siku. Alinunua doti 2,000 za marekani (kitambaa cheupe cha pamba), 1,000 za kaniki (kitambaa cha buluu iliyokoza) na 650 za nguo za rangi, jumla 3,650, ambazo ni posho kamili ya siku 365. Uwiano huo husomeka pande zote mbili: doti 1 hulisha watu 10, na mtu 1 hula sehemu ya kumi ya doti, pungufu kidogo ya mkono mmoja. Namba 10 na 1/10 huitwa kinyume, kwa maana kila moja ikizidishwa kwa mwenziwe hutoa 1, na mkuu wa msafara alizihitaji zote mbili: ya kwanza alipogawa posho, ya pili alipokadiria mizigo, ambayo kwa kawaida ilikuwa kama frasila 2 kwa mpagazi, yaani kilo 32 hivi.

Hata hivyo njia ilikuwa na madai yake. Watemi wa Ugogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa doti, na shanga zilizopendwa katika nchi moja zilikataliwa katika nchi jirani. Tena vita vya mtemi Mirambo vilipofunga njia ya Ujiji mwaka huohuo, Stanley alikaa Kwihara, jirani na Tabora, karibu miezi mitatu, na nguo zikaendelea kuliwa bila msafara kusonga mbele. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, mizigo ya masafa marefu ilihama kutoka mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi kwenda kwenye mabehewa.