Ambari, Kaharabu na Ubani: Historia ya Majina ya Manukato ya Utomvu hadi Nyanza Kusini

1. Utangulizi

Liko kundi la manukato ambalo wauzaji wa dunia nzima huliita kwa jina lililotokana na neno la Kiarabu ʿanbar. Harufu yake ni nzito, yenye joto na utamu, mithili ya utomvu uliowekwa juu ya kaa la moto, nayo hudumu nguoni muda mrefu baada ya manukato ya maua kupotea. Mfasiri wa Kiswahili akutanapo na jina hilo hushawishika kuandika "manukato ya ambari". Na akiifuata kamusi kwa njia nyingine, huandika "manukato ya kaharabu". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina yote mawili yanapotosha, na kwamba jina linalofaa limekwisha kuwako vinywani mwa watu, si pwani tu bali hata kando ya Ziwa Viktoria, katika sehemu za Migori na Homa Bay ambazo zamani zilikuwa pamoja katika Wilaya ya Nyanza Kusini. Jina hilo ni ubani.

2. Ambari na kaharabu

Ambari ni kitu cha baharini. Hufanyika tumboni mwa nyangumi mkubwa mwenye meno, hutoka na kuelea miaka mingi, kisha hutupwa ufuoni na mawimbi. Mwandishi wa Kiarabu al-Masudi, ambaye safari yake ya mwisho ya Kanbalu ilikuwa mwaka 916, aliisifu ambari ya bahari ya Zanji kuwa bora kuliko nyingine. Kwa hiyo neno hili ni la kale katika mwambao wetu, wala halikuletwa na chupa za Ulaya. Lakini ambari ilikuwa adimu na ya thamani kubwa. Ilikuwa mali ya matajiri na ya wafanya biashara wa ng'ambo.

Kaharabu ni kitu kingine kabisa. Ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, na ile iliyo mashuhuri zaidi hutoka katika pwani za Bahari ya Baltiki. Asili ya neno ni Kiajemi: kāh, yaani majani makavu, na rubā, yaani mwenye kunyakua, kwani kipande cha kaharabu kikisuguliwa huvuta vipande vya majani. Kwa sababu hiyo hiyo Waarabu wa leo huuita umeme kwa neno la asili hiyo. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile iitwayo Union Version, imelitumia neno kaharabu katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Ezekieli, na hapo linalotajwa ni rangi, wala si harufu.

Vitu hivi viwili vilichanganywa na Wazungu, kwa kuwa vyote huokotwa ufuoni na vyote vilikuwa ghali. Wafaransa walijaribu kuvitenganisha kwa kukiita kimoja cha kijivu na kingine cha manjano, lakini jina likabaki moja. Kaharabu isiposuguliwa wala kuchomwa haina harufu ya kutajika. Basi jina la manukato haya lina mzazi mmoja wa baharini na mwingine wa ardhini, na kwa kawaida hakuna hata mmoja wao aliyemo ndani ya chupa.

3. Kilichomo ndani ya chupa

Yaliyomo kwa kawaida ni mambo matatu: ladani, ambayo ni utomvu wa kichaka cha nchi za Mediterania, vanila, ambayo tangu mwaka 1874 kiini cha harufu yake kimeweza kutengenezwa na wakemia kwa gharama ndogo, na utomvu wa miti ya Sumatra na ya Laos ambao Waarabu waliuita lubān jāwī, yaani ubani wa Java, kwa maana Sumatra nayo waliihesabu katika nchi za Jawa.

Historia ya jina hili la tatu yastahili kuangaliwa na wanaisimu. Wazungu walipolipokea neno lubān jāwī waliidhani silabi ya kwanza, lu, kuwa ni kibainishi kama vile vya lugha zao, wakaiacha. Kilichobaki kikawa beijoim kwa Wareno, na kutokana na jamaa ya neno hilo wakemia wa Ujerumani wa karne ya 19 wakapata jina la benzini. Kiswahili nacho kilipolipokea neno lubān kiliiacha l ya mwanzo. Ile u iliyobaki ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, na leo twasema "ubani huu", "ubani wenyewe", kama kwamba neno lilizaliwa nyumbani. Neno moja limekatwa kichwa mara mbili, kila lugha ikifuata sarufi yake. Wazungu walipoteza maana ya neno hilo pamoja na silabi yake. Waswahili walipoteza sauti moja tu, na maana wakabaki nayo.

4. Njia mbili za kufikia ziwani

Ubani uliingia Nyanza Kusini kwa njia mbili zisizotegemeana. Njia ya kwanza ni ya biashara na Uislamu. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada yake meli za ziwani zikawa zikitia nanga katika bandari ndogo za Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Wachuuzi wa pwani na wenye maduka wa Kihindi walifuata njia hiyo. Kendu Bay ikapata jamii ya Waislamu, na msikiti wake wa Tawakal ungali alama mashuhuri ya mji huo. Kwa watu wa jamii hii ubani na udi vilikuwa sehemu ya maulidi, harusi na matanga, kama ilivyo kwa ndugu zao wa Mombasa na Lamu.

Njia ya pili ni ya Ukatoliki. Wamisionari wa Mill Hill walifika Kisumu mwaka 1903, na baadaye Asumbi, katika Homa Bay ya leo, ikawa misheni yao kubwa. Ibada ya Kilatini ilikuja na chetezo chake. Tofauti na hao, Waadventista waliojenga misheni ya Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, hawakuleta ufukizaji wowote. Hivyo katika eneo dogo palikuwa na msikiti uliojua ubani, kanisa lililojua ubani, na kanisa lisiloutumia kabisa.

Mnamo miaka ya 1962 na 1963 likatokea kanisa la Legio Maria, likiongozwa na Simeo Ondetto pamoja na Gaudencia Aoko. Waumini wake walijitenga na Roma lakini walihifadhi Kilatini, mavazi ya ibada, rozari na ufukizaji, hata baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965, kufungua mlango wa mabadiliko katika Kanisa Katoliki lenyewe. Mlima wao mtakatifu, Got Kwer, uko Migori, na huko ndiko alikozikwa Ondetto baada ya kufariki mwaka 1991. Hapo ubani si tena kitu cha mgeni. Umekuwa mali ya waumini Waluo, ndani ya kanisa walilolianzisha wao wenyewe.

Lugha inathibitisha jambo hili. Dholuo haina sauti v, kwa hiyo neno uvumba lingelazimika kubadilishwa ili liingie; ubani liliingia bila kuguswa, na Waluo husema wang'o ubani, yaani kuchoma ubani. Manukato ya kujipaka huelezwa kwa maneno ya kienyeji, mo mang'we ng'ar, yaani mafuta yanayonukia vizuri. Ambari haikuhitajiwa.

5. Sababu ya kupendwa kwake

Yafaa kuuliza kwa nini harufu ya namna hii hupendwa na watu wa dini na nchi mbalimbali. Sababu moja ni ya kimaumbile: chembe za utomvu ni nzito, hupanda polepole na kukaa muda mrefu. Ubani hunukia shughuli inapofanyika, na hubaki nguoni na ukutani shughuli inapokwisha. Sababu ya pili ni ya kijamii, nayo imo katika lugha yenyewe. Katika Kiswahili ubani ni pia mchango apewao mfiwa. Kutoa ubani ni kushiriki msiba. Neno limehama kutoka katika moshi likaingia katika wajibu. Anayevuta harufu hii hukumbuka mkusanyiko wa watu, na hiyo ndiyo maana ya lile joto ambalo wauzaji hulisifu bila kulieleza.

6. Hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba ubani hasa ni utomvu wa miti ya Dhofari na Somalia, na kwamba si halali kuliita kwa jina hilo kundi zima la manukato. Jibu ni kwamba Waarabu wenyewe waliuhesabu utomvu wa Sumatra kuwa aina ya lubān, na Kiswahili kimerithi upana huo. Huenda pia ikapendekezwa uvumba, neno ambalo Union Version imelitumia katika sura ya pili ya Injili ya Mathayo mahali ambapo tafsiri ya Habari Njema imeweka ubani. Lakini uvumba hutaja hasa kitu cha kufukizwa, na halikusafiri mbali kama mwenzake.

Kwa hiyo ambari na ibaki kwa kitu cha nyangumi, kaharabu kwa jiwe la utomvu, na manukato haya yaitwe manukato ya ubani. Mtunga kamusi atakayenakili jina la chupa ataandika habari ya kitu kisichomo ndani yake, na atakuwa amelipita neno ambalo msikiti wa Kendu Bay, misheni ya Asumbi na mlima wa Got Kwer vimelihifadhi. Uchunguzi wa msamiati wa Kiswahili hauna budi kuzihesabu sehemu hizo kuwa mashahidi wa historia ya lugha, sawa na miji ya mwambao.