Hofu ya Fedha na Kurudi kwa Imani: Mafunzo ya Ukata wa 1929 hadi 1938



Katika kurasa zilizotangulia mmesoma hesabu za mwaka: fedha zilizoingia, zilizotoka, na zilizobaki. Sasa naomba ruhusa yenu nieleze habari za zamani kidogo, kwa kuwa zinahusiana na hesabu hizo kuliko mtu awezavyo kudhani. Ni habari za jinsi watu wa kawaida walivyopoteza imani wakati wa ukata mkuu ulioanza mwaka 1929, jinsi imani hiyo ilivyorudi, na jinsi ilivyotikiswa mara ya pili.

Sababu ya kuchagua habari hizi ni hii. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, uchumi wa Kenya ulipungua kwa asilimia 0.3 kwa hesabu za kwanza za Serikali. Mwaka 2021 ukakua kwa zaidi ya asilimia 7. Wenye kusoma takwimu wakasema kwamba nchi imepona. Lakini aliyekwisha kula akiba yake na kukopa kwa ndugu zake hakuona kupona huko mezani pake. Hata miongoni mwetu walikuwako waliosita kuanza tena kutoa michango, nao wakasemwa kwa maneno makali. Nataka kuonyesha kwamba kusita kwa namna hiyo si uvivu wala utovu wa umoja. Ni jambo lenye historia yake, na dawa yake inajulikana.

JINSI IMANI ILIVYOPOTEA

Katika miaka ya 1920, jamaa nyingi za Marekani zilizoea kununua vitu vikubwa kwa mafungu, yaani kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Kufikia mwisho wa miaka hiyo, motokaa nyingi zaidi zilinunuliwa kwa njia hiyo kuliko kwa fedha taslimu. Kadhalika redio na samani za nyumbani. Mapatano yenyewe yalikuwa makali. Aliyeshindwa kulipa fungu moja aliweza kunyang'anywa kitu, na yote aliyokwisha kulipa yakapotea.

Tarehe 29 Oktoba 1929 bei za hisa zilianguka vibaya mjini New York. Wamarekani wenye hisa walikuwa wachache, lakini kila mtu alisikia kishindo, na kila mtu akajiuliza: Je, kazi yangu itakuwapo mwakani? Mwanahistoria wa uchumi Martha Olney ameeleza kwamba wenye madeni ya mafungu walipunguza matumizi mengine ya nyumbani ili wasinyang'anywe walichokuwa wakikilipia. Wasio na madeni nao waliahirisha kununua. Kila mmoja alifanya la busara kwa nyumba yake. Lakini walipofanya wote pamoja, maduka yalikosa wateja, viwanda vikakosa maduka ya kuyauzia, na wafanyakazi wakaachishwa kazi. Kufikia mwaka 1933, katika kila wafanyakazi wanne, mmoja hivi hakuwa na kazi.

Bei zilishuka kwa karibu robo, nalo ni jambo ambalo mtu angedhani ni jema. Lakini deni halikushuka. Aliyedaiwa dola 100 aliendelea kudaiwa dola 100, hali mshahara wake ulikuwa umepunguzwa au umekwisha kabisa.

Ndipo hofu ikaingia katika benki. Siku hizo amana za watu hazikuwa na bima ya nchi nzima. Aliyewahi kufika dirishani alipewa fedha zake. Aliyechelewa alikuta mlango umefungwa. Kati ya 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilifungwa. Watu wakaficha noti na dhahabu majumbani, na wengine wakapeleka akiba zao Posta, kwa kuwa Posta ilikuwa mali ya Serikali. Amana za Posta za Marekani zilikuwa kama dola milioni 150 mwaka 1929. Mwaka 1933 zilikuwa zimefika karibu dola milioni 1,200. Tazameni jambo hili kwa makini. Watu waliendelea kuweka akiba hata katika dhiki, ila hawakuwaamini tena waliokuwa wakiwatunzia.

UKATA ULIPOFIKA KWETU

Moshi wa moto huo ulivuka bahari. Koloni la Kenya lilitegemea mazao yaliyouzwa nje, kama vile kahawa, mahindi na mkonge, na bei za mazao hayo zikaanguka. Katika miaka hiyohiyo nzige walivamia mashamba. Lakini kodi ya kibanda ilibaki shilingi 12 katika sehemu nyingi za nchi. Mwenye nyumba alilazimika kuuza mahindi mengi zaidi apate shilingi zilezile, au kwenda kufanya kazi ya mshahara uliokuwa umepunguzwa. Hali yake ilikuwa kama ile ya Mmarekani mwenye deni: mapato yalishuka, madai yakasimama palepale.

Msaada nao haukuwa sawa kwa wote. Mwaka 1931 ilianzishwa Benki ya Ardhi ili kuwakopesha wakulima wa Kizungu. Mkulima Mwafrika hakuwa na benki ya namna hiyo. Mwaka 1932 Lord Moyne alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza fedha za koloni, naye akaona kwamba Waafrika walibeba mzigo mzito wa kodi kuliko huduma walizopata. Benki ya akiba ya Posta ilikuwapo tangu 1910, lakini kwa jamaa nyingi akiba ya kuaminika ilikuwa mbuzi na ng'ombe, na nzige na ukame vilipokula majani, akiba hiyo nayo ilikonda.

Si vibaya kukumbuka kwamba vyama vya ustawi kama hiki chetu vina mizizi katika miaka ya namna hiyo. Chama cha Walipa Kodi wa Kavirondo, ambacho kwa uongozi wa Arkidikoni Owen kilichukua jina hilo mwaka 1923, kiliwahimiza wanachama wake kupanda miti na kutunza usafi wa nyumba, na papo hapo kikapeleka kwa Serikali malalamiko juu ya kodi. Watu wale walijua kwamba nyumba moja haiwezi kukabili ukata peke yake.

SIKU NANE ZA MACHI 1933

Turudi Marekani, maana huko ndiko tunakoona wazi jinsi imani inavyoweza kurudishwa. Rais Franklin Roosevelt aliapishwa tarehe 4 Machi 1933, wakati benki za majimbo mengi zilikuwa zimekwisha kufungwa. Tarehe 6 aliamuru benki zote nchini zifungwe. Tarehe 9 Bunge lilipitisha sheria ya kuzikagua na kuzifungua zile zilizo imara. Jumapili jioni, tarehe 12, alizungumza na wananchi kwa redio. Aliwaeleza kwa maneno mepesi kwamba benki haiweki fedha zote sandukuni, bali huzikopesha, na kwa hiyo haiwezi kumlipa kila mtu kwa siku moja. Kisha akawaeleza ni benki zipi zitakazofunguliwa kwanza na kwa nini nyingine zitangoja.

Asubuhi ya tarehe 13 milango ya kwanza ilifunguliwa. Watu walipanga mistari, na safari hii wengi wao walikuja kurudisha fedha. Kabla ya mwezi kwisha, zaidi ya nusu ya fedha zilizokuwa zimetolewa kwa hofu zilikuwa zimerudi.

Wako wasemao kwamba yalikuwa ni maneno matamu tu. Sikubaliani nao. Maneno yalifuatana na matendo: benki mbovu hazikufunguliwa, na watu walielezwa hivyo bila kufichwa. Kisha sheria ya Juni 1933 ikaweka bima ya amana, na tangu tarehe 1 Januari 1934 kila mweka amana katika benki iliyojiunga alilindwa hadi dola 2,500. Toka hapo benki zilizofilisika zikawa chache sana, kwa kuwa mwenye akiba hakuwa tena na haja ya kuwahi dirishani mbele ya jirani yake.

KUINUKA KWA NYUMBA

Benki zikitulia, bado nyumba zina madeni. Kwa ajili hiyo, mwaka huohuo wa 1933 Serikali ya Marekani iliunda shirika la kuchukua rehani za watu waliokaribia kupoteza nyumba zao. Mdaiwa alipewa mkopo mpya wa miaka 15 kwa riba ya asilimia 5, kisha akalipa polepole kila mwezi. Kufikia 1936 nyumba zipatazo milioni moja zilikuwa zimesaidiwa. Si zote zilizookoka, maana karibu nyumba moja katika kila tano ilichukuliwa hata hivyo. Lakini waliobaki walipata usingizi, na mwenye usingizi huweza kupanga kesho.

Tuseme ukweli pia juu ya upungufu wa kazi hiyo. Sheria ya 1935 ya malipo ya uzeeni na ya wasio na kazi iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa nyumbani, na kwa njia hiyo Wamarekani weusi wengi walikosa ulinzi huo. Imani ilirudi kwanza katika nyumba zilizolindwa, nayo ilichelewa kwa wale walioachwa nje.

Mwaka 1936 askari waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, zaidi ya milioni tatu, walipewa malipo yao waliyokuwa wakiyadai, wastani wa zaidi ya dola 500 kila mtu. Wengi wao walizitumia upesi, kwa motokaa na kwa nyumba, na biashara ikachangamka. Fedha ikimfikia mwenye haja aliyekuwa akingoja, haikai mfukoni muda mrefu.

KOSA LA MWAKA 1937

Kisha wakubwa wakadhani kwamba ugonjwa umekwisha. Serikali ilipunguza matumizi yake. Malipo ya askari hayakurudiwa. Makato mapya ya mishahara kwa ajili ya uzeeni yalianza Januari 1937. Na benki zikaamriwa kushikilia akiba kubwa zaidi. Kabla ya mwaka kwisha, viwanda vilikuwa vimeanza kuanguka tena na watu kuachishwa kazi. Nchi ilianza kuinuka upya katikati ya 1938, baada ya Serikali kugeuza mwendo.

Wahenga walisema: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jamaa iliyokwisha kupoteza kazi na akiba mara moja hairudi kwenye desturi zake za zamani kwa mwaka mmoja wa nafuu. Hutazama na kungoja, na dalili ndogo ya shida hutosha kuifanya ifunge mkoba.

Baadaye mtaalamu mmoja mzaliwa wa Hungaria, George Katona, alilifanya jambo hili kuwa elimu. Mwaka 1946, katika Chuo Kikuu cha Michigan, alianza uchunguzi wa kuwauliza watu juu ya hali za nyumba zao: wanajionaje kulinganisha na mwaka uliopita, na wanatazamia nini mwaka ujao. Fundisho lake kuu lilikuwa kwamba kununua kunahitaji mambo mawili, uwezo na utayari. Mtu aweza kuwa na fedha na asiwe tayari kuzitoa.

NENO KWA CHAMA CHETU

Kutokana na habari hizi nathubutu kutoa mashauri manne mbele ya wazee.

Kwanza, tusimkemee mwanachama anayesita. Tumwulize anahofia nini. Huenda hana uwezo, na huenda anao lakini hana utayari. Dawa za mambo hayo mawili si moja.

Pili, vitabu vya hesabu viwe wazi. Katika Kenya yetu amana za benki zina bima, na mwaka 2020 kiwango chake kiliongezwa kutoka shilingi 100,000 hadi shilingi 500,000 kwa mweka amana. Lakini sanduku la chama halina bima hiyo. Ulinzi wake ni fedha kupelekwa benki bila kukawia, sahihi za watu zaidi ya mmoja, na hesabu kusomwa mbele ya mkutano, pamoja na hasara. Roosevelt hakuwaambia watu kwamba benki zote ni njema, na kwa sababu hiyo walimwamini.

Tatu, mwanachama aliyeshindwa kulipa mkopo wake kwa sababu ya shida aongezewe muda na kupunguziwa fungu la kila mwezi, kabla ya kufikiria kuchukua mali yake. Dawa ya deni ni kulipa, lakini aliyenyang'anywa cherehani yake atalipa kwa kitu gani?

Nne, mwaka mmoja mwema usitufanye tupandishe michango kwa haraka. Tukumbuke 1937.

Wazee wetu hutuambia kwamba akiba haiozi. Ni kweli. Lakini mwenye akiba hupenda kufunua kifuniko na kuitazama. Basi kitabu hiki kidogo cha taarifa ya mwaka ndicho kifuniko chetu. Kila mwanachama na akifunue, asome hesabu mstari kwa mstari, na asiporidhika asimame mkutanoni aulize. Karani wenu atakuwapo kumjibu.

Wenu katika kazi ya chama,
Karani