Simbaz Baada ya Froome

Kila nikitoka tao na Waiyaki Way kuelekea Kikuyu, huwa nawaza Mai-a-Ihii. Huko ndiko David Kinjah aliwalea Safari Simbaz, na mmoja wao alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, 1985. Mwaka 2006 aliiendeshea Kenya kule Melbourne. 2008 akachukua leseni ya Uingereza. 2013 akashinda Tour de France, na wimbo uliopigwa haukuwa wetu. Ni rahisi kusema Simbaz waliishia hapo. Mimi sioni hivyo. Kinjah hufunza vijana kuendesha baiskeli, na pia kuitengeneza, so nyota akihama, kazi inaendelea. Shida ni nauli na mdhamini: bila hivyo, Froome mwingine ataondoka tena.