Utitiri Mwekundu

Utitiri mwekundu, kiumbe wa jamaa ya buibui asiyezidi nusu milimita, mwenye asili ya Amerika ya Kusini na aliyethibitishwa Kenya mwaka 2001, ni afa ya nyanya na mnavu, ambao Wajaluo wa Rangwe, Kaunti ya Homa Bay, huuita osuga. Wakati wa kiangazi hufyonza utomvu chini ya majani hata yakageuka manjano na kugubikwa na utando. Kwa kuwa ana miguu minane, wala si mdudu kwa hakika, dawa nyingi za wadudu humwacha salama na kuwafisha maadui zake, hasara iliyoje! Aula ni kuyang'oa majani yaliyodhurika, kisha kunyunyiza maji ya sabuni au mafuta ya mwarobaini upande wa chini, alasiri, na kurudia baada ya siku chache, maana mayai husalimika.